Si mafuta, acha kukamua: vipele vyeupe vya chini ya macho

Wiki haipiti kliniki bila mtu kuvua miwani na kuniambia, "Dokta, haya mafuta yameganda chini ya macho, nakamua yamekataa kutoka." Yamekataa kwa sababu si mafuta, na hayana pa kutokea.

Vipele hivi tunaviita milia: kila kimoja ni kifuko cha milimita 1 hadi 2 kilichojaa keratini, ile ile inayojenga kucha na nywele. Kimekaa chini kidogo tu ya tabaka la juu la ngozi na hakina tundu la kufungukia nje. Chunusi ina kinyweleo chenye mdomo, hata kama mdomo umeziba. Hiki hakina. Kwa hiyo ukikamua, unachobana ni ngozi ya pembeni, na ngozi ya chini ya jicho ni nyembamba kuliko karibu yote mwilini. Utavimba, na kwa ngozi zetu nyeusi utabaki na doa la miezi kadhaa. Kipele kitakuwa palepale, katikati ya doa.

Mengine mnayojaribu nyumbani niyapitie haraka. Limau: juisi yake ikikutana na jua inaweza kuunguza ngozi na kuacha weusi. Dawa ya meno: inawasha, basi. Kusugua kwa sukari na asali: unasugua juu, kifuko kiko chini. Mkorogo: huu ndio unaoniudhi zaidi, kwa sababu steroidi kali zilizomo zikipakwa muda mrefu zinafanya ngozi iwe nyembamba na zinaweza zenyewe kuleta milia. Mtu anapaka sababu akidhani anapaka dawa.

Sasa tuje kwenye hoja ninayoletewa kila nikisema "usitumbue". "Lakini dokta, wewe mwenyewe si unatumia sindano?" Ndiyo, natumia. Nasafisha kwa spiriti, nachukua sindano ya hospitali iliyofunguliwa papo hapo, nainyanyua ngozi kwa ncha upande wa kipele, nabonyeza taratibu, na kijipunje cheupe kinatoka kizima kama chenga ya mchele. Dakika chache, tone la damu, umeondoka. Sitawadanganya kwamba ni upasuaji mgumu. Sindano ya kushonea, kioo cha bafuni na mkono unaotetemeka sentimita moja kutoka kwenye jicho ni hatari, hilo kila mtu analielewa nikilisema. Lisiloeleweka ni kwamba sehemu kubwa ya kazi yangu imeisha kabla sijaishika sindano. Kazi ni kujua kwamba ile ni milia.

Maana vipele vidogo vyeupe au vya rangi ya ngozi ni ukoo mkubwa. Kuna vivimbe vya tezi za jasho, navyo hupenda chini ya macho, vina rangi ya ngozi na ukivitoboa hakitoki kitu. Kuna chunusi zilizofunga, ambazo mara nyingine hata mimi sizitofautishi na milia kwa macho mpaka nimetoboa, na sidhani ni mimi peke yangu, ila vitabuni picha huwa wazi sana. Kuna mabaka bapa ya njano karibu na pua, kwenye kope, na mwenye nayo nampeleka kupima lehemu (kolesteroli) kabla ya kufikiria urembo. Kuna vidoti vyeupe kwenye midomo na kwenye uume vinavyowakosesha vijana usingizi: hivyo ndivyo tezi za mafuta kweli, ni vya kawaida, na havihitaji dawa yoyote. Yaani yale ambayo ni mafuta watu wanadhani ni ugonjwa, na yasiyo mafuta ndiyo yanakamuliwa.

Halafu kuna molaskamu, na hapa naomba tusimame. Ni kipele cha virusi, kigumu kidogo, kinang'aa, na ukikitazama vizuri kina kishimo katikati. Ukikitumbua, ute wake ukigusa ngozi ya jirani unapanda vingine, na taulo la kuchangia linamfikishia mdogo wako. Kwa mtoto mwenye afya huondoka vyenyewe, ingawa inaweza kuchukua mwaka au zaidi. Kwa mtu mzima mwenye vingi usoni, nitamshauri apime VVU siku hiyohiyo. Simhukumu mtu. Kinga ikishuka virusi hivi husambaa, na mgonjwa akianza ARV mara nyingi uso husafika. Na kama mtu mwenye VVU ana vipele vya namna hiyo pamoja na homa na kichwa kinachouma, aende hospitali leo, kwa sababu fangasi wa kriptokoka hujificha kwa sura ileile, na huyo hushambulia ubongo.

Ndugu mwenye ualbino, kijinundu chochote kinachong'aa au kidonda kisichopona usikiguse. Onyesha.

Kama ni milia kweli, nyumbani ufanye nini? Kwa kiasi kikubwa, hakuna. Nawa uso kwa sabuni laini, acha mafuta ya mgando na krimu nzito chini ya macho. Nawaambia hivyo wagonjwa wote, na nakiri ushahidi kwamba krimu nzito ndizo zinazosababisha ni dhaifu. Nasema kwa sababu kuacha hakugharimu kitu. Jeli ya adapaleni (dawa ya chunusi) ya asilimia 0.1 usiku, kiasi kidogo sana, inasaidia baadhi ya watu baada ya wiki nyingi, lakini nayo ushahidi wake kwenye milia ni mdogo. Mjamzito asiitumie. Na kuna kichekesho hapa: maelekezo yanasema usiipake karibu na macho, na vipele vyenyewe viko wapi? Kwa hiyo ya mashavuni jaribu, ya kwenye kope vumilia au njoo. Vingine huondoka vyenyewe baada ya miezi, vingine hukaa miaka bila kumdhuru mtu.

Mama wa mtoto mchanga, wako wala usihangaike. Karibu nusu ya watoto huzaliwa navyo puani na mashavuni, na ndani ya wiki chache huwa vimekwisha. Usipake chochote. Bibi akija na chupa ya mafuta ya nazi, mpe mtoto ambebe, chupa pokea wewe.