Mkono wa mhusika wa gemu kusinyaa: si lazima poligoni ziwe chache

Wengi wanaotengeneza wahusika wa gemu huamini kwamba mkono ukisinyaa unapozungushwa, sababu ni uchache wa poligoni, yaani vipande bapa vinavyounda umbo la mhusika. Imani hiyo ina msingi: wavu (umbo lote linaloundwa na vipande hivyo) wenye poligoni chache mno hujikunja vibaya kweli.

Ila kusinyaa huku kuna chanzo kingine. Katika injini nyingi za gemu, yaani programu zinazoendesha gemu, kila nukta ya ngozi hufuata mifupa ya kidijitali kadhaa, mara nyingi isiyozidi 4, na kila mfupa una uzito wake, yaani kiwango cha kuivuta nukta hiyo. Injini hukokotoa mahali ambapo kila mfupa ungeipeleka nukta, kisha huchukua wastani kulingana na uzito huo. Chukua nukta iliyogawanywa nusu kwa nusu kati ya mifupa 2. Mfupa mmoja ukizungushwa nyuzi 90 kwenye mhimili wake, nukta hubaki na takriban asilimia 71 tu ya umbali wake kutoka katikati. Kwenye nyuzi 180 huangukia kwenye mhimili wenyewe, na mkono hubanika kama karatasi ya peremende iliyosokotwa.

Jaribu mwenyewe kwa Blender, programu ya bure ya kutengeneza maumbo ya 3D. Tengeneza silinda yenye pete kadhaa, iunganishe na mifupa 2 kwa uzito wa kiotomatiki, kisha zungusha mfupa wa juu kwenye mhimili wake. Ongeza poligoni upendavyo. Kibano kitabaki palepale. Sasa washa chaguo la Preserve Volume (hifadhi ujazo) kwenye modifaya ya Armature, kifaa kinachofanya umbo lifuate mifupa, nacho kitatoweka bila kuongeza poligoni hata moja. Kasoro yake ni kwamba viungo vinapokunjwa huweza kutuna, ndiyo maana mafundi wengi huongeza mifupa ya kugawana msokoto kwenye kigasha.