Kubangua korosho nyumbani: hesabu ianze kabla ya kuwasha moto

Kila msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hivi, kaya nyingi za Newala, Tandahimba, Masasi, Ruangwa na Nachingwea hubakiza gunia moja au mawili kwa ajili ya kubangua wenyewe. Kilo ya korosho karanga, yaani iliyokwisha kubanguliwa na kumenywa, huuzwa mara kadhaa ya bei ya kilo ghafi, na tofauti hiyo ndiyo inayowavuta watu. Anayeacha kazi hii baada ya msimu mmoja mara nyingi hakukosa wanunuzi. Hakujua tu gunia lake lingetoa kilo ngapi, ngapi kati ya hizo zingetoka nzima, na saa ngapi za watu wa nyumbani zingeingia humo bila kulipwa.

Tuanze na gunia lenyewe. Wanunuzi wakubwa hupima ubora wa korosho kwa ratili za karanga zinazopatikana katika gunia la kilo 80, na korosho nzuri ya kusini hufika ratili 48 au zaidi, karibu kilo 22. Kipimo hiki unaweza kukifanya mwenyewe ukiwa na mzani wa jikoni wa gramu. Chukua korosho kutoka juu, katikati na chini ya gunia, uchanganye, upime kilo 1 kamili. Zipasue zote. Tupa zilizooza, zenye ukungu, zilizosinyaa na zilizotobolewa na wadudu. Pima karanga safi zikiwa na utando wake, kisha pima peke yake zile zenye madoa na uhesabu nusu ya uzito wake. Jumla hiyo ya gramu izidishe kwa 0.17637, utapata ratili kwa gunia. Gramu 272 ni sawa na ratili 48. Ukipata gramu 230, hiyo ni ratili 40 na kidogo, na gunia hilo halifai kununuliwa kwa bei ya gunia zuri.

Wengi hupotelea hapa, kwa sababu kipimo hicho kinahesabu karanga pamoja na utando na unyevu wake. Ukishakausha na kumenya, zile kilo 22 hushuka hadi kilo 19 au 20, na mkono ukiwa bado mgeni hushuka zaidi. Kwa hiyo ukipanga bei, gawanya gharama ya gunia kwa 19.

Mfano wa hesabu, kwa bei za kubuni: ghafi imekugharimu shilingi 3,000 kwa kilo, gunia shilingi 240,000. Kuni, mifuko na usafiri shilingi 35,000. Umepata kilo 19, nzima 14 na vipande 5. Nzima unauza shilingi 20,000 kwa kilo, vipande 12,000. Mauzo ni shilingi 340,000 na kinachobaki ni 65,000. Sasa gunia hilohilo litoe nzima 9 na vipande 10. Mauzo yanashuka hadi 300,000, na kinachobaki ni 25,000. Uzito haukupungua hata gramu moja, lakini zaidi ya nusu ya faida imekwenda na maji. Weka bei za soko lako mahali pa hizi na uone.

Bado hatujagusa kazi. Kilo moja ya ghafi ina korosho kama 180 hadi 200, kwa hiyo gunia lina korosho zipatazo 15,000. Mtu mwenye uzoefu hupasua kama 10 kwa dakika. Hizo ni saa 25 za kupasua tu, siku tatu nzima za mtu asiyepika, asiyechota maji wala kuitwa mlangoni. Kumenya utando kunadai saa nyingine 15 au zaidi, bado kuchemsha, kuchambua na kufungasha. Ukizifanya saa 50, ile 65,000 ni shilingi 1,300 kwa saa. Ile 25,000 ni shilingi 500. Kama wanaofanya kazi ni mama na binti zake, saa hizo haziandikwi popote, na ndiyo maana biashara huonekana inaenda vizuri hadi siku binti anapoolewa na kulazimu kuajiri.

Korosho ghafi zinatoka wapi? Za shamba lako mwenyewe hazina mgogoro. Kununua mlangoni kwa jirani kwa bakuli au kwa mkopo wa kabla ya msimu ni kangomba, na ni kosa. Mauzo ya ghafi hupitia vyama vya msingi, maghala na minada. Mbanguaji mdogo anayehitaji zaidi ya za kwake aanze na AMCOS yake, yaani chama chake cha msingi, na ofisi ya Bodi ya Korosho, ambayo makao yake ni Mtwara mjini, aulize utaratibu wa wabanguaji wadogo kabla msimu haujaanza. Ukienda mnada umeshaanza, hakuna mwenye muda wa kukusikiliza. Kikundi husikilizwa haraka kuliko mtu mmoja.

Ukishazipata, zianike kwa siku mbili au tatu kwenye turubai au sakafu safi, ukizigeuza. Iliyokauka hugongagonga ndani ya ganda ukiitikisa, na ukucha haubonyei kwenye ganda. Unyevu unaotakiwa ni asilimia 8 hadi 10. Zihifadhi kwenye magunia ya juti juu ya chaga, mbali na ukuta. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu ndani na korosho huvunda. Angalia hasa korosho za mwishoni mwa msimu, zilizookotwa mvua za Desemba zimeshaanza; hizo zibangue kwanza au usizinunue kabisa.

Kabla ya kuchemsha, zichambue kwa ukubwa, angalau mafungu matatu, kwa chekecheo la matundu tofauti. Hatua hii inaonekana ya kupoteza muda na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Visu vya mashine ya kubangua hutegwa kwa ukubwa mmoja. Korosho kubwa ikiingia kwenye visu vilivyotegewa ndogo, kisu hupita hadi kwenye karanga na kuikata. Ndogo ikiingia kwenye visu vya kubwa, ganda halipasuki, mtu anarudia, na mara ya pili karanga inavunjika.

Njia ya zamani ya kuchoma kwenye bati lenye matundu inatoa korosho tamu ya kula na chai, hatukatai. Kwa biashara ya nyumbani haifai. Mafuta ya ganda yanashika moto, moshi wake unawasha macho na kifua kwa mtaa mzima, karanga zinaungua upande mmoja na zinavunjika. Tumia mvuke. Boila dogo lenye shinikizo huhitaji dakika 20 hadi 30. Pipa la kawaida lenye maji chini, kichanja cha chuma katikati na mfuniko mzito huhitaji muda zaidi, nao unatofautiana na pipa, moto na ukubwa wa korosho. Muda wako utaujua kwa kujaribu: toa korosho tano, ziache zipoe, uzipasue. Karanga ikiwa bado imeng'ang'ania ganda na mafuta yanaruka, rudisha. Ikiwa imegeuka ya kahawia, umepitiliza, na mafuta ya ganda yameanza kuingia ndani. Andika muda huo kwa kila fungu la ukubwa na usiubadilishe kwa kubahatisha.

Zikitoka kwenye mvuke, zitandaze zilale usiku kucha. Ganda lililochemshwa ni laini kama ngozi. Likipoa na kukauka hurudi kuwa gumu na hupasuka vizuri. Anayebangua jioni hiyohiyo kwa haraka ndiye anayelalamika kuwa mashine ni mbovu.

Mafuta ya ganda yana asidi inayobabua ngozi. Siyo mwasho wa kupita; ngozi huwa nyeusi, hupasuka na kuchubuka. Vaa glovu za mpira. Usipokuwa nazo, paka mikono mafuta ya kula au ya nyonyo kisha majivu makavu ya kuni, na urudie kila unaponawa. Ziwe meza mbili: ya kupasua, na ya kumenya ambayo haiguswi na mikono yenye mafuta ya ganda. Karanga iliyoguswa na mafuta hayo humwasha mlaji midomo, na mteja huyo harudi. Watoto wasikae kwenye eneo la kupasua hata kama wanataka kusaidia. Maganda yasitumike kupikia ndani ya nyumba wala yasichomwe uani. Yarundike mahali pakavu, kwani wenye maboila makubwa huyatumia kama kuni.

Karanga zilizotolewa kwenye ganda bado zina utando mwekundu. Kausha kwa joto la nyuzi 70 kwa muda wa saa 6 hivi, ukigeuza trei, hadi unyevu ushuke kutoka asilimia 6 hadi kama 3. Hapo utando husinyaa na kutoka kwa kusugua kwa kidole gumba. Ukilazimika kutumia kisu kwa karanga nyingi, ujue ukaushaji haukutosha. Zirudishe kwenye tanuri badala ya kuzikwangua, maana karanga yenye mikwaruzo hushuka daraja. Joto likizidi, rangi huwa ya njano na karanga hupasuka katikati zenyewe. Kipimajoto cha tanuri kinalipa gharama yake kwenye gunia la kwanza au la pili.

Kama tanuri ni la umeme, piga hesabu ya LUKU pia. La kilowati 2 likiwaka bila kukata kwa saa 6 hula yuniti 12. Nyumba iliyo kwenye kundi la D1, la matumizi madogo yasiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, itavuka kikomo hicho kwa urahisi, na bei ya yuniti inapanda. Gesi au kaushio la jua lenye kufunikwa huenda likawa nafuu, ila kaushio la jua halitegemewi mvua zikishaanza.

Madaraja ya korosho nzima huandikwa kwa herufi W na namba inayoonyesha idadi ya juu ya karanga katika ratili moja. W180 ni kubwa sana, W240 ni kubwa, W320 ndiyo inayouzwa zaidi duniani, W450 ni ndogo. Kwa soko la stendi na maduka ya Mtwara huhitaji namba hizi, ila hoteli na wanunuzi wa Dar es Salaam watauliza. Usichanganye nzima na vipande ndani ya mfuko mmoja kwa matumaini kwamba haitaonekana. Vipande vina soko lake: waoka keki, watengeneza siagi ya korosho, wapishi wa mchuzi.

Kuhusu mahali pa kazi, nyumba haikatazwi, lakini chumba cha kufungashia kisiwe jiko wala chumba cha kulala. Kiwe na sakafu inayofutika, wavu dirishani, na kuku wasiingie. Aliyepanga nyumba amwambie mwenye nyumba mapema, kwa maandishi, kwa sababu mvuke na moshi wa kuni humfikia jirani kabla ya faida.

Kwa upande wa vibali, chukua TIN ya TRA, leseni ya biashara ya halmashauri, na jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ukitaka kuuza kwa jina lako. Tangu 2019 usajili wa vyakula na majengo ya kusindikia uko TBS, shirika la viwango. Usiende TBS mikono mitupu; pitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana ofisi Mtwara na Lindi, watakagua kazi yako na kukuandikia barua ya utambulisho inayokupa unafuu wa mjasiriamali mdogo. Mafunzo ya korosho na ya bidhaa za mabibo yanapatikana pia TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo. Vikundi vya wanawake, vikundi vya vijana na watu wenye ulemavu wanaweza kuomba mkopo usio na riba wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa mgawo wa 4, 4 na 2. Dawati lake liko kwa afisa maendeleo ya jamii, na atataka kuona daftari la mauzo.

Daftari hilo liwe na safu sita: tarehe, kilo ghafi zilizoingia, kilo nzima, kilo za vipande, saa za kazi, fedha. Lipa Namba ya biashara iwe tofauti na namba yako ya simu ya kawaida. Korosho inayopikwa kwenye pilau ya nyumbani iandikwe kama mauzo, na kaya iilipie.

Mwisho ni mfuko. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, na mafuta huchacha yakipata hewa, mwanga na joto. Hakikisha unyevu hauzidi asilimia 5, tumia mfuko mzito usiopitisha hewa, ukiweza wa kufyonzwa hewa, na ubane mdomo kwa mashine ya joto. Mshumaa huacha matundu usiyoyaona. Lebo iwe na jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, anwani, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Zilizokaangwa kwa chumvi huchacha mapema kuliko zisizokaangwa, kwa hiyo tarehe zake zisiwe sawa. Usinakili tarehe ya mtengenezaji mwingine. Kwa kila toleo weka kando mifuko sita, ihifadhi kabatini kwenye joto la kawaida la Mtwara, fungua mmoja kila mwezi uonje na kunusa. Mwezi ambao harufu ya mafuta makuukuu inaanza, rudi nyuma miezi miwili, na hiyo ndiyo tarehe ya kuandika kwenye matoleo yajayo.