Nani anapanga bei ya korosho? Uchumi hodhi na mifumo mingine

Zamani nilikuwa naanza somo la mifumo ya uchumi kwa Marx na Adam Smith. Niliacha baada ya mafunzo fulani ya wakulima kule Newala. Mzee mmoja wa nyuma alisimama, kofia mkononi, akauliza: "Mwalimu, ule msimu wa 2018 wanajeshi walipokuja kubeba korosho zetu, tulikuwa tumerudi kwenye Ujamaa au bado tuko soko huria?" Ukumbi ulicheka. Mimi nilikuna kichwa, maana katika maelezo yangu yote niliyoandaa hakukuwa na jibu la swali lile.

Vitabu huanza na umiliki. Vinasema katika uchumi hodhi dola ndiyo inayomiliki ardhi, viwanda na benki, na katika uchumi wa soko vitu hivyo ni vya watu binafsi. Ni kweli, lakini kwa kipimo hicho utapotea njia mapema. Chukua Equinor, moja ya kampuni zilizogundua gesi kwenye kina kirefu cha bahari mbele ya Lindi. Hisa zake nyingi zinamilikiwa na serikali ya Norwei, na hakuna anayesema Norwei ina uchumi hodhi. Hata sisi tuna TPDC, shirika la serikali la mafuta na gesi, tangu 1969, na gesi ya Mnazi Bay inasafiri kwenda Dar es Salaam kwa bomba la serikali, huku muuza samaki wa feri akijipangia bei yake mwenyewe asubuhi.

Kwa hiyo mimi nauliza maswali mawili tu: nani anapanga bei, na bei ikikosewa nani anaumia?

Katika Muungano wa Kisovieti jibu lilikuwa ofisini. Gosplan, tume ya mipango iliyoundwa 1921, ndiyo iliyogawa malengo: kiwanda hiki kitoe chuma tani kadhaa, kile kitoe viatu jozi kadhaa. Mipango ya miaka mitano ilianza 1928. Bei ya mkate ilikaa palepale miaka na miaka. Iliyorefuka ni foleni. Waliokuwa watu wazima hapa kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawahitaji maelezo. Bei ya sabuni ilijulikana, sabuni yenyewe ndiyo ilikuwa haionekani, na aliyekuwa nayo chini ya kitanda aliitwa mlanguzi.

Watu wa Kusini tulionja mipango ya dola hata kabla ya Azimio la Arusha. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga Tanganyika, ekari zaidi ya milioni mbili, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Uingereza ilikuwa nchi ya soko, ila mradi huu ulikuwa kipande cha uchumi hodhi: lengo liliwekwa London kabla udongo na mvua za huku havijapimwa sawasawa. Ilijengwa reli kutoka Mtwara hadi Nachingwea. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa na hasara ya pauni milioni 36 hivi, ikalipwa na walipa kodi wa Uingereza. Reli iling'olewa baadaye. Bandari ya Mtwara ikabaki, na kwa bahati njema ndiyo tunayopitishia korosho hadi leo.

Korosho zenyewe ndizo zinazofundisha kuliko yote. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000. Msimu wa 1986/87 zilipatikana kama tani 17,000 tu. Sababu zilipandana. Operesheni ya vijiji iliwahamisha watu kandokando ya barabara, mikorosho ikabaki nyuma porini, na mkorosho usiopaliliwa chini huwezi kuokota korosho zake. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, ukaingia, ukakausha maua. Vyama vya ushirika vikafutwa 1976, akabaki mnunuzi mmoja, mamlaka ya serikali, mwenye bei moja iliyotangazwa kabla ya msimu. Wakati huohuo vilijengwa viwanda vya kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Vilipokamilika, korosho hazikuwepo. Baadhi ya majengo yale tunayajua zaidi kama maghala.

Tazameni alichofanya mkulima. Hakuandamana wala kuandika barua kwa mtu yeyote. Aliacha kupalilia. Bei ilikuwa haimlipi, naye hakuwa na mnunuzi wa pili wa kumkimbilia, basi akalima muhogo wake. Ofisini tarakimu zilikuwa zinashuka mwaka hadi mwaka na bei haikuwa na njia ya kumsikia. Kwa maoni yangu huo ndio udhaifu mkubwa wa uchumi hodhi, mkubwa kuliko hata rushwa na uzembe ambao watu hupenda kuutaja.

Biashara ya korosho ilifunguliwa msimu wa 1991/92, na wanunuzi binafsi wakaja na fedha mkononi. Mavuno yalipanda tena, salfa nayo ikisaidia kuuzima ubwiriunga. Lakini soko nalo lina meno. Mwenye shida ya ada Juni, korosho zikiwa bado maua, huuza kwa kangomba, yaani pembeni nje ya mfumo rasmi, kwa bei ya kutupa, na Oktoba anatazama mzigo wake ukipita. Stakabadhi ghalani, iliyoanza kwenye korosho msimu wa 2007/08, ni jaribio la katikati: mali inakusanywa na chama, wanunuzi wanashindana mnadani, serikali inasimamia taratibu, bei inatoka mnadani. Huo ndio uchumi mseto, na nchi nyingi duniani zimo humo kwa viwango tofauti. Vietnam inatawaliwa na chama kimoja cha kikomunisti, lakini tangu mageuzi ya 1986 wakulima na wabanguaji wake wanafuata soko. Korosho ghafi zetu nyingi zinakwenda kubanguliwa huko.

Sasa turudi kwa mzee. Oktoba 2018 wakulima walikataa bei za mnadani zilizokuwa chini ya shilingi 3,000 kwa kilo. Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua zote kwa 3,300, jeshi likasomba. Nilimjibu hivi: "Mzee wangu, msimu ule korosho peke yake iliingia uchumi hodhi. Bei ilipangwa na dola, mnunuzi akawa dola, na jukumu la kutafuta soko likawa la dola. Nguo uliyovaa na nauli ya kuja hapa vilibaki sokoni."

"Na sisi tuliokaa miezi tunasubiri uhakiki ndipo tulipwe?"

"Hapo mlikuwa kwenye foleni."

Akakaa, akaivaa kofia. Kisha akanyosha mkono tena: je, salfa ya ruzuku inafika lini, maana maua hayasubiri? Nikamwambia hilo aulize chama chake cha msingi.