Ubongo wa mzee: yanayosemwa Kilolo na yaliyo kweli

Katika vijiji vya Kilolo na Mufindi, mkoani Iringa, mzee akianza kurudia swali alilokwisha kujibiwa, au akikawia kuitikia salamu ya "kamwene", maelezo hutolewa upesi kwamba huo ni uzee tu na hakuna la kufanya. Maelezo hayo yana chembe ya ukweli, lakini yamechanganyika na dhana ambazo, kwa maoni yangu, zinawanyima wazee wetu matibabu wanayostahili.

Dhana: Seli za ubongo hufa kwa wingi kadiri mtu anavyozeeka, mpaka akili inakwisha.

Ukweli: Ubongo wa binadamu una seli za neva zinazokadiriwa kufikia bilioni 86, na hesabu za kisasa zinaonyesha kwamba kati ya umri wa miaka 20 na 90 gamba la ubongo hupoteza takriban asilimia 10 tu ya seli zake. Kinachobadilika zaidi ni viungio baina ya seli na kemikali zinazopeleka taarifa kati yake. Vipokezi vya dopamini, kemikali inayohusika na wepesi wa mwendo, umakini na hamu ya kutenda, hupungua polepole tangu ujanani, ndiyo maana mzee huhitaji muda zaidi kupokea jambo jipya au kufanya mawili kwa wakati mmoja. Maarifa yaliyokwisha kujengeka, kama vile msamiati na uamuzi uliotokana na uzoefu, hudumu vizuri zaidi. Mzee asiyekumbuka alipoweka miwani anaweza kukutajia mipaka ya mashamba yote ya ukoo bila kukosea. Usemi wa utu uzima dawa una msingi wake.

Dhana: Kila kusahau ni uzee, na kila kutetemeka pia.

Ukweli: Ugonjwa wa Alzheimer, ulioelezwa na daktari Alois Alzheimer wa Ujerumani mwaka 1906, ni maradhi ambamo protini hurundikana katika ubongo na seli zinazotengeneza asetilikolini, kemikali muhimu kwa kumbukumbu, huharibika vibaya. Utafiti uliofanyika katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ulikuta ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu kwa watu wapatao 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi, yaani wengi kabisa hawakuwa nao. Kusahau jina kisha kulikumbuka baadaye ni jambo la kawaida. Kupotea katika njia ya shambani iliyopitwa kwa miaka 40 si la kawaida. Vivyo hivyo, mkono unaotetemeka ukiwa umetulia, pamoja na hatua fupi za kuburuza, huweza kuwa ugonjwa wa Parkinson, unaotokana na kufa kwa seli za dopamini, na dawa ya kupunguza dalili zake ipo. Upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingo na sonona navyo huleta usahaulifu, na vyote vinatibika.

Dhana: Dawa ya mafua inayomfaa kijana inamfaa na babu yake.

Ukweli: Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa sababu baridi ya Juni na Julai huleta mafua katika nyumba nyingi za nyanda hizi, na vidonge hununuliwa dukani bila kuuliza. Vidonge vya klorofeniramini, ambavyo wengi huviita piritoni, huzuia kazi ya asetilikolini. Kijana husinzia kidogo tu. Mzee, ambaye akiba yake ya kemikali hiyo imepungua na ambaye ini na figo zake huondoa dawa polepole, huweza kuchanganyikiwa, kuanguka au kushindwa kukojoa. Ulanzi, yaani pombe ya mianzi, nao humlemea kuliko zamani, kwa kuwa maji mwilini hupungua na umri, hivyo kiasi kilekile cha pombe humfikia ubongoni kikiwa kikali zaidi.

Bibi yangu wa Kilolo aliwahi kuniita kwa jina la marehemu mjomba kwa karibu wiki nzima, na majirani walikwisha kuanza kutupa pole. Mganga wa zahanati aliomba aletewe dawa zote alizokuwa akimeza, zikiwa katika mfuko mmoja. Alimwachia zile za presha, ambazo hazifai kukatishwa kiholela, akaondoa vidonge vya mafua alivyokuwa akimeza mara tatu kwa siku. Siku ya nne bibi aliniita kwa jina langu, akauliza kama mahindi yamekwisha kupukuchuliwa.