Je, wajua kwa nini uyoga uliogandishwa hutoa maji mengi unapoyeyuka?

Uyoga ukitolewa kwenye friza ukiwa mgumu kama kokoto na kuachwa mezani, baada ya saa chache hukutwa umesinyaa, umelegea, na umelala ndani ya maji ya rangi ya kahawia. Wengi huyamwaga maji hayo, huukamua uyoga, kisha hushangaa mbona mchuzi hauna ladha. Kosa haliko kwa uyoga, bali katika kule kuuyeyusha kabla ya kuupika.

Takriban asilimia 90 ya uzito wa uyoga mbichi ni maji, na maji hayo yamefungiwa ndani ya seli, kila moja ikiwa na utando mwembamba na ukuta nje yake. Uyoga mbichi huwa imara kwa sababu maji husukuma ukuta kutoka ndani, kama upepo unavyoujaza mpira. Maji yanapoganda hutanuka kwa kadiri ya asilimia 9, na katika friza ya nyumbani, ambayo kwa kawaida huwa na nyuzi 18 chini ya sifuri, uyoga huganda polepole kiasi kwamba chembe za barafu hupata muda wa kukua na kuchana tando za seli. Viwandani hupulizwa hewa baridi sana ili chembe hizo zibaki ndogo, na ndiyo maana uyoga wa kiwandani hauumii sana.

Madhara hayo hayaonekani wakati uyoga ungali umeganda, kwa kuwa barafu yenyewe ndiyo inayoushikilia umbo lake. Ikiyeyuka, hakuna tena utando wa kuyazuia maji, nayo hutoka pamoja na glutamati, ambayo ni sehemu kubwa ya utamu wa uyoga. Rangi nayo hugeuka, kwa kuwa vimeng'enya, yaani protini zinazochochea mabadiliko ya kikemikali, vilivyokuwa vimetengwa ndani ya seli hukutana na hewa. Kuupitisha uyoga uliokatwa katika mvuke kwa dakika 3 hivi kabla ya kuugandisha huvidhoofisha. Ukuta wa seli, hata hivyo, hubaki, kwa sababu umejengwa kwa kitini, kitu kilekile kilichomo katika magamba ya kamba wa baharini, nacho hakiyeyushwi na moto wa jikoni. Ndiyo sababu uyoga hauvurugiki kama kiazi hata ukichemka muda mrefu.

Kwa hiyo uyoga uliogandishwa upikwe ukiwa bado na barafu yake. Kwa mchuzi, utumbukizwe moja kwa moja chunguni na tui jepesi lipunguzwe kidogo, maana maji ya uyoga yatachukua nafasi yake. Kwa kukaanga, kazi inataka uangalifu zaidi: kuyeyusha gramu 1 ya barafu hutumia joto linalokaribia lile la kupasha gramu 1 ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80, hivyo rundo la uyoga likimwagwa kwa pamoja hupoza kikaango, na uyoga huishia kuchemka badala ya kukaangika. Ni bora kutumia kikaango kipana kilichopata moto, uyoga kidogo kidogo, bila kifuniko na bila mafuta kwanza, kwa kuwa barafu ikikutana na mafuta ya moto huyarusha na yanaweza kumuunguza mpishi. Maji yakishakauka ndipo mafuta hutiwa, na uyoga huanza kupata rangi ya dhahabu.

Iwapo ni lazima uyeyushwe, kwa mfano kwa ajili ya sambusa ambazo hazivumilii unyevu, uwekwe ndani ya bakuli kwenye jokofu, kwenye ubaridi usiozidi nyuzi 5, kwani kuganda hakuui bakteria wote na wale waliobaki huanza kuzaliana mezani. Kisha ukamuliwe kwa kitambaa safi, na maji yake yatiwe kwenye sufuria ya wali kabla haujachemka.