Pesa ya mfadhili ina mwenyewe

Jumatatu asubuhi mwenyekiti wa kikundi kimoja cha Mukuru aliniletea katoni ya sabuni iliyojaa risiti. Kazi yangu ndiyo hiyo, mwaka wa kumi na sita sasa: kukagua hesabu za vikundi na mashirika madogo ya Nairobi yanayopata pesa kutoka nje. Nikazipanga mezani mwezi kwa mwezi. Nilipofika Agosti nikakuta shilingi 86,000 zimetoka kwenye akaunti ya mradi wa maji kwenda hospitalini. Nikamuuliza. Mwanachama wao alikuwa amefariki, familia haina kitu, na mwili ulikuwa umezuiliwa mochari mpaka bili ilipwe. Kikundi kikakaa, kikaamua kulipa.

"Na hizo si pesa za chama, madam," akanieleza kwa utulivu kabisa. "Ni za wafadhili. Hazina mwenyewe."

Maneno hayo nimeyasikia Kayole na Kibera. Nimeyasikia pia kwenye ukumbi wa hoteli ya Naivasha, kwa mtu mwenye shahada mbili na posho ya siku tatu mfukoni. Nimechoka kuyajibu kwa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo leo nayajibu hapa, pamoja na mengine ninayoyasikia kuhusu misaada.

Dhana: Pesa ya mfadhili haina mwenyewe

Inaye, tena zaidi ya mmoja. Wa kwanza ni mlipa kodi wa huko ilikotoka, ambaye bunge lake lilipitisha fungu hilo kwa kazi iliyotajwa kwa jina. Wa pili ni shirika lililoipokea na kuiandikia mkataba wenye mafungu, tarehe ya kuanza na tarehe ya kufunga. Wa tatu, na ndiye anayenikera kusahaulika, ni yule aliyetajwa kwenye ombi lenyewe. Kikundi kiliandika kwamba kaya fulani za Mukuru zinanunua maji kwa mtungi na zitawekewa tangi na vioski viwili. Siku mliyotia sahihi, pesa ile ikawa ya kaya hizo. Ilitoka kwao kwenda kulipia mwili mochari.

Sisemi mwenyekiti ni mwizi. Alifanya jambo ambalo mtu yeyote aliyelelewa kwa harambee angelifanya, na kama angenipigia simu siku ile ningemchangia. Lakini katika ukaguzi hiyo inaitwa matumizi yasiyokubalika, na matumizi yasiyokubalika hurudishwa. Mkaguzi hapimi huruma, anapima kama shilingi imetumika kwenye fungu lake, ndani ya tarehe zake, na kama karatasi inathibitisha. Kisichotumika mpaka siku ya kufunga nacho hurudi. Wengi hawaamini hili mpaka barua ifike.

Na si vikundi tu. Mwaka 2009, ukaguzi ulipofichua kuwa pesa za elimu ya msingi ya bure zimepotea, Uingereza ilisimamisha fungu lake, na Januari 2010 Marekani ikafuata. Mei 2017 Marekani ikazuia takribani dola milioni 21 zilizokuwa za Wizara ya Afya. Mwaka 2023 zabuni ya vyandarua ya shilingi bilioni 3.7 iliyokuwa KEMSA, mamlaka ya serikali ya kununua dawa, ilifutwa, na Global Fund, mfuko wa kimataifa wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ikachukua ununuzi huo mikononi mwake. Mara zote tatu mwenye pesa alijitokeza. Aliyeumia ni mtoto aliyekuwa anasubiri kitabu na mama aliyekuwa anasubiri chandarua.

Sasa nije kwenye ubaya wa pesa yenyewe, kwa maana dhana hii haikuzuka hewani. Pesa hii imefungwa kamba inayoelekea juu. Mratibu wa mradi anamjibu mfadhili kila robo mwaka kwa ripoti ya kurasa arobaini, ilhali mama anayepanga foleni kwenye kioski hapewi hata ukurasa mmoja. Watu hawajawahi kuonyeshwa bajeti, kwa hiyo wanaiona pesa kama mvua, imenyesha tu. Nimekuta mradi una shilingi 400,000 kwenye fungu la mafunzo, na pampu yake imekufa kwa kukosa kipuri cha 9,000. Fungu la ukarabati limekwisha, na kuhamisha pesa kutoka fungu hadi fungu kunahitaji idhini ya maandishi itakayochukua wiki sita. Wakafundishwa utunzaji wa pampu iliyokufa. Lile liliniuma, na bado linaniuma.

Mfano mkubwa wa kamba hii uko Kalokol, ufuoni mwa Ziwa Turkana. Norway ilijenga kiwanda cha kugandisha samaki kwa nia njema kabisa, kwa jamii ambayo utajiri wake ni ng'ombe, mbuzi na ngamia. Umeme wa kugandishia na maji safi yaliyohitajika vilikuwa ghali kuliko faida ya samaki wenyewe. Mitambo ilifanya kazi siku chache tu. Hesabu zake zingeweza kupita ukaguzi wangu bila doa, kwa maana risiti haiulizi kama mwenye kusaidiwa alikitaka kitu hicho.

Kuna na hili la dola, ambalo halimo kwenye semina yoyote niliyohudhuria. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Katikati ya mwaka huohuo ikashuka chini ya 130. Kikundi kilichoahidiwa dola 10,000 kikapanga kazi za shilingi milioni 1.6 kilipokea chini ya milioni 1.3, na mafundi walikuwa wamekwishaanza kuchimba. Mwekahazina alishukiwa na wenzake miezi miwili. Hakuwa ameiba hata senti.

Kwa hiyo ushauri wangu ni uleule ninaourudia mpaka sauti inakauka. Akaunti ya mradi iwe peke yake, isichanganywe na ya chama hata kwa siku moja. Mkiwa na mfuko wa misiba, uwe wa michango yenu wenyewe. Bajeti ya shilingi ipangwe kwa kiwango cha chini kuliko cha siku hiyo. Bajeti nzima ibandikwe ukutani, kwa Kiswahili, mahali watu wanapochota maji. Na risiti za mashine, zile za karatasi laini, zipigeni picha siku hiyohiyo. Wino wake hufutika. Katika katoni ya Jumatatu, kumi na moja zilikuwa zimebaki nyeupe kabisa, na karatasi nyeupe haithibitishi kitu.

Dhana: Misaada yote huliwa na wakubwa serikalini

Ingekuwa hivyo kazi yangu ingekuwa rahisi. Sehemu kubwa ya misaada haipiti Hazina ya Taifa kabisa. Hupitia mashirika yasiyo ya serikali, mashirika ya Umoja wa Mataifa na kampuni za kandarasi za nchi zinazotoa. Nyingine haiji kama pesa, huja kama dawa, vyandarua, mahindi na wataalamu. Sheria ya Marekani imetaka kwa miaka mingi kwamba angalau nusu ya shehena ya chakula cha msaada ibebwe na meli zenye bendera ya Marekani. Nauli hiyo inahesabiwa kuwa msaada kwetu, na haijawahi kuonja ardhi ya Mombasa.

Wizi upo na nimeuandika kwenye ripoti nyingi. Lakini kwa kila shilingi niliyoona imeibwa nimeona nyingi zaidi zikiondoka kihalali, zenye sahihi na mihuri yote: semina ya hotelini iliyoweza kufanyika kwenye ukumbi wa kanisa, mshauri aliyesafirishwa kutoka mbali kuandika tathmini ambayo mhitimu yeyote wa hapa angeiandika vizuri zaidi, posho ya kukaa kikaoni kusikiliza jambo linalokuhusu wewe mwenyewe. Mradi unaonunua chupa nyingi za maji kwa ajili ya wakubwa wake kuliko mita za bomba kwa ajili ya wenyeji ninautambua kabla sijafika ukurasa wa tatu.

Dhana: Reli ya SGR ni msaada wa Wachina

Ni mkopo. Sehemu ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa 2017, ilijengwa kwa mikopo ya Exim Bank ya China, na inalipwa kwa kodi yako. Hata pesa za Benki ya Dunia kwa Kenya kwa kiasi kikubwa ni mikopo, ingawa ile ya IDA, tawi lake la nchi maskini, ina masharti nafuu na miaka mingi ya kulipa. Ukisikia waziri anatangaza kuwa wafadhili wametoa mabilioni, uliza swali moja: zinarudishwa au hazirudishwi?

Dhana: Cha bure hakithaminiwi

Hii huletwa na watu waliosoma, na huniudhi kwa sababu imeshapimwa hapahapa kwetu. Magharibi mwa Kenya, watafiti Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliwapa wajawazito vyandarua kwenye kliniki, baadhi bure na baadhi kwa bei ndogo. Bei ilipopanda kutoka bure hadi senti 60 za dola, waliochukua walipungua kwa pointi 60 za asilimia. Na waliopewa bure walikitumia chandarua chao sawa na walionunua. Mama anayemthamini mtoto wake hahitaji kutozwa ili akumbuke mbu.

Dhana: Maskini akipewa pesa taslimu atalewa

Rarieda, watafiti walifuatilia familia zilizopewa pesa bila masharti, na matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka. Baadaye, katika kaunti hiyohiyo ya Siaya, zaidi ya kaya 10,000 zilipewa takribani dola 1,000 kila moja. Kila dola iliyoingia iliongeza uchumi wa eneo hilo kwa takribani dola mbili na nusu, bei madukani zikapanda kidogo mno, na majirani ambao hawakupewa kitu nao wakafaidika kwa sababu kulikuwa na wateja na vibarua. Watu waliezeka mabati. Mimi ni mhasibu, napenda mradi wenye mafungu, lakini nikiona bajeti ambayo nusu yake ni magari na mafunzo huwa najiuliza kwa nini wasingepewa wenyewe tu. Pesa mkononi haitengenezi barabara wala haileti daktari kwenye zahanati, hilo kweli. Ila mtu asiiite pombe.

Dhana: Nchi tajiri zinajinyima kwa ajili yetu

Mwaka 1970 Umoja wa Mataifa uliweka lengo la asilimia 0.7 ya pato la taifa. Nchi zilizolifikia zinahesabika kwa vidole, Norway, Sweden, Denmark na Luxembourg zikiwamo. Kwa Marekani, misaada ya nje kwa miaka mingi ilikuwa takribani asilimia moja tu ya bajeti ya serikali kuu, ingawa raia wake wakiulizwa hukisia ni robo. Nasi huku tusisahau upande wa pili: mwaka 2024 Wakenya walio ughaibuni walituma nyumbani takribani dola bilioni 4.9. Hao hawadai ripoti ya robo mwaka.

Dhana: Misaada ikikatwa ndipo tutajifunza kujitegemea

Tumeshaijaribu. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump alisimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90. Kufikia Machi asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la misaada la Marekani, zilikuwa zimefutwa, na Julai 1 shirika lenyewe likafungwa. Hapa Nairobi, dawa za ARV, zile za kupunguza makali ya VVU, zilizokwishafika zilikwama ghalani kwa sababu mkataba wa kuzisambaza ulikuwa umesimama. Zilikuwa katika jiji hilihili la mgonjwa, asiweze kuzifikia. Wahudumu waliokuwa wakiwafuatilia wagonjwa kwa simu na kwa miguu waliachishwa kazi kwa barua ya mistari michache. Mmoja wao alikuja kwangu kuulizia kazi ya kupanga faili, na alikuwa bado na daftari la majina ya wagonjwa wake aliokuwa na hofu kuwa wameacha dawa. PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI ulioanza 2003, umeokoa mamilioni ya watu duniani, wengi wao wakiwa ndugu zetu. Anayesema misaada haijawahi kumfaa Mwafrika azungumze na mtu aliyeanza ARV mwaka 2004.

Kujitegemea kunaandikwa kwenye bajeti, tena mapema. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na Kenya haijafika hapo. Tangu 2014 tunahesabiwa kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini, jambo lililotufurahisha magazetini, na maana yake ni kwamba misaada kama ya chanjo inayotoka Gavi, shirika la kimataifa la chanjo, inapungua hatua kwa hatua na sisi tunatakiwa kujaza pengo. Ratiba hiyo haikuwa siri.

Swali hilo la nani atajaza pengo nilimuuliza pia mwenyekiti kabla hajabeba katoni yake. Mkataba wao ni wa miaka mitatu. Nani atanunua kipuri cha pampu mwaka wa nne? Hakuwa na jibu, kwa hiyo tulikaa tukapiga hesabu: vioski viwili, mitungi inayochotwa kwa siku, shilingi moja ya kila mtungi iwekwe kando kwa ajili ya ukarabati. Zile 86,000 watazirudisha kwa michango ya wanachama kwa miezi minane, na nimemsaidia kuandika barua kwa mfadhili kueleza hivyo kabla mkaguzi wa nje hajafika. Barua imeondoka jana.