Chanjo haziishii miezi tisa

"Si alimaliza akiwa na miezi tisa, dada?" Jibu hili napewa kila ninapouliza kwa nini kwenye kadi ya mtoto sehemu ya miezi 18 iko tupu. Jumatatu nimepewa mara tatu kabla ya saa nne asubuhi.

Hajamaliza. Dozi ya kwanza ya chanjo ya surua-rubella, sindano moja ya magonjwa hayo mawili, tunaitoa miezi tisa kwa sababu huku kwetu surua huwawahi watoto wadogo. Lakini umri huo, kinga aliyotoka nayo tumboni kwa mama huenda bado ipo na ikaidhoofisha chanjo. Kati ya watoto 100 waliochanjwa miezi tisa, kama 15 hubaki bila kinga, na kwa macho huwajui ni wepi. Dozi ya miezi 18 ni ya kuwapata hao.

Hesabu mwenyewe: 15 mwaka huu, 15 mwakani, wote wa mtaa mmoja, wanakutana chekechea na madrasa. Kirusi cha surua hukaa hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Ndiyo maana tunataka watoto 95 katika kila 100 wawe na dozi zote mbili. Jirani zetu wa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, yamewakuta: kuanzia 2019 hadi mwanzoni mwa 2020 surua iliua zaidi ya watu 6,000, wengi kuliko waliouawa na Ebola iliyokuwa ikitangazwa kila siku wakati huohuo.

"Ana mafua, nitamrudisha wiki ijayo." Mafua hayazuii chanjo. Mchanje leo.

"Amechelewa, itabidi aanze upya." Haanzi upya. Dozi aliyopata inahesabika. Mlete apate iliyobaki. Na kadi ipige picha kwenye simu, maana zinapotea sana.

"Surua haitaki hospitali." Kirusi chenyewe hakina dawa, ila nimonia inayofuata ndiyo huua, na hiyo inatibika. Vitamini A ya siku mbili mfululizo huokoa macho na uhai. Ukifika, mwambie nesi kabla hujakaa foleni na wenye vichanga.

Wauguzi wenzangu, nasi tunalo letu. Chupa ya chanjo ya dozi kumi ikishachanganywa hutupwa muda wa saa sita ukipita, basi tunawaambia akina mama warudi siku watoto watakapokuwa wengi. Fungueni, hata kwa mtoto mmoja. Mama aliyetoa nauli ya bodaboda akarudishwa hivihivi, wengi wao sijawaona tena.